Seva isingoje mtu akumbuke

"Mtandao uko chini, njooni baadaye." Sentensi hii naisikia kila penye dirisha na foleni: zahanati, ofisi ya ada ya shule, SACCOS, kaunta ya tiketi za mabasi. Mama aliyeamka alfajiri Chanika na mtoto mwenye homa anarudisha kadi ya bima kwenye pochi na kukaa kwenye benchi. Hakuna anayeuliza nini hasa kimeanguka, wala kwa nini.

Nimejizoesha kuuliza. Mara nyingine jibu ni umeme. Mara nyingine ni mkongo uliokatwa na wachimba mitaro. Lipo pia jibu la tatu, ambalo mafundi hulitoa kwa sauti ya chini: seva, yaani ile kompyuta kuu inayohudumia kompyuta nyingine zote za ofisi, ilikuwa haijasasishwa kwa muda mrefu. Basi ama mdukuzi amepenya kwenye tundu la zamani, ama fundi amejaribu kuweka masasisho ya miaka miwili kwa mkupuo mmoja na programu zikagombana. Ukidadisi kwa nini kazi hiyo haikufanyika mapema, utaambiwa aliyekuwa akiifanya amehama, au yuko likizo, au alisahau.

Hapo kwenye kusahau ndipo penye hoja yangu. Kuweka viraka vya usalama kwenye seva si kazi ya kuachiwa kumbukumbu ya binadamu. Iingizwe kwenye ratiba, mashine iifanye yenyewe kila usiku, na binadamu abaki na kazi zinazohitaji akili yake: kuchagua saa, kutunza nakala, kusoma taarifa asubuhi. Taasisi inayoshika fedha, afya au majina ya watu bila kuwa na ratiba hiyo inaweka rehani mali isiyo yake.

Nikiri kwamba si kila mkwamo unatokana na viraka. Julai 2023 jukwaa la eCitizen la Kenya lilipozidiwa kwa makusudi na wimbi la maombi ya uongo, wananchi walikwama kupata huduma za serikali, na kusasisha programu pekee kusingelizuia wimbi lile. Nazungumzia balaa jingine, lile linalokuja likiwa limetangazwa.

Mbiu inayosikika pande zote mbili

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Katika ulimwengu wa programu, mbiu hiyo hulia hadharani. Watengenezaji wakigundua tundu, hutoa kiraka na kukitangaza. Tangazo humfikia mwenye seva, na humfikia mwizi siku ileile. Mwizi mwenye ujuzi hukichambua kiraka, akalinganisha programu ya jana na ya leo, akaona kilichobadilishwa. Akishajua hapo palibadilishwa nini, amejua tundu lilikuwa wapi. Tangu saa hiyo usalama wako hauko tena kwenye ubora wa programu uliyonunua. Uko kwenye nani atafika kwanza.

Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu kubwa katika Windows. Aprili mwaka huohuo, kundi lililojiita Shadow Brokers likamwaga mtandaoni zana ya kulitumia tundu hilo, zana iliyotokana na shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Mei 12 ikaja programu ya utekaji iliyoitwa WannaCry, ikifunga mafaili na kudai kikombozi, na ikasambaa katika nchi zaidi ya 150. Kiraka kilikuwa kimekwisha kuwepo kwa karibu miezi miwili.

Aliyeumia zaidi machoni pa dunia alikuwa mgonjwa wa Uingereza. Huduma ya afya ya taifa hilo, NHS, ilipoteza miadi inayokadiriwa kuzidi 19,000. Katika maeneo matano wagonjwa wa dharura walielekezwa kwenda hospitali za mbali zaidi. Miongoni mwa waliofutiwa miadi walikuwamo watu wasiopungua 139 walioitwa haraka kwa kushukiwa kuwa na saratani. Wakaguzi wa serikali walipochunguza, walikuta kwamba taasisi zote zilizoambukizwa zilikuwa na Windows isiyowekewa kiraka, au ya zamani isiyohudumiwa tena. Onyo lilikuwa limetumwa Machi, likatumwa tena Aprili.

Basi kilichokosekana ni nini? Kiraka kilikuwepo, hakikuuzwa, na barua ya kuhimiza ilikwenda mara mbili. Kilichokosekana ni mkono wa kukiweka. Ikiwa nchi yenye fedha na wataalamu kiasi kile ilishindwa kwa kutegemea mikono, ofisi ya wilaya yenye ofisa mmoja wa Tehama, ambaye huyohuyo ndiye anayebadilisha wino wa printa na kufunga projekta ya kikao, itaweza vipi?

Kadi ya kliniki

Mama anayempeleka mtoto kliniki hasubiri akumbuke chanjo. Kadi ina tarehe: mtoto akizaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha mwezi wa 9 kwa ajili ya surua. Hamsubiri mtoto aumwe ndipo amfikirie muuguzi. Usiku wa chanjo mtoto anaweza kupata homa kidogo, na mama analijua hilo, kwa hiyo analala jirani naye. Sijaona mama mwenye busara aliyeichana kadi kwa sababu ya homa ya usiku mmoja.

Seva nazo zina kadi yake, na ni ya zamani kuliko mafundi wengi wanaoihudumia. Mifumo ya aina ya Unix imekuwa na programu ya ratiba inayoitwa cron tangu miaka ya 1970, na toleo aliloandika Paul Vixie mwaka 1987 ndilo lililorithiwa na mifumo mingi ya Linux. Namna yake ya kuagizwa ni nyepesi. Unaandika mstari mmoja wenye nafasi tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, siku ya wiki, halafu amri. Penye nyota maana yake ni kila. Ukiandika 15 3 * * *, mashine itaitekeleza amri yako kila siku ikifika saa tisa na robo usiku, kwa saa yake yenyewe. Haitauliza kama ni Idi au Krismasi.

Kwa masasisho hasa, mafundi wa Debian na Ubuntu wana kifurushi kinachoitwa unattended-upgrades, na wale wa jamii ya Red Hat wana dnf-automatic. Havidai leseni wala malipo. Katika Ubuntu za miaka ya karibuni kifurushi hicho huja kimekwisha washwa. Jambo hili hunishangaza kila ninapokutana na ofisi ambako kimezimwa kwa makusudi, kwa hoja kwamba "tutasasisha wenyewe tukipata nafasi". Nafasi hiyo hupatikana lini? Ngojangoja huumiza matumbo.

Na kuna wanaolalamikia bando. Ofisi yenye seva kumi haina haja ya kupakua kiraka kilekile mara kumi. Seva moja inaweza kukipakua na kuzigawia nyingine. Fundi anayeijua kazi yake hulipanga hilo kwa mchana mmoja.

Hofu ya fundi ni ya kweli

Sitaki kuwadharau mafundi wanaokataa. Wengi wao wamechomwa. Waliweka masasisho Ijumaa jioni, Jumatatu mfumo wa malipo ukagoma, na wao ndio walioitwa ofisini kwa meneja kujieleza. Meneja huyo hakuwahi kuwaita kuwashukuru kwa miezi ambayo hakuna kilichotokea.

Julai 19, 2024 hofu hiyo ilipata ushahidi mkubwa kuliko wote. Kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili lenye kasoro kwa wateja wake duniani, nalo likaingia lenyewe bila mtu kuliidhinisha. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 ziliangukia kwenye skrini ya buluu. Ndege zilibaki chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Kampuni ililirudisha faili nyuma ndani ya saa moja na nusu, lakini kompyuta zilizokwisha anguka zilihitaji kuguswa moja moja kwa mkono.

Wapo waliohitimisha siku ile kwamba masasisho ya kujiendesha ni hatari na yazimwe. Mimi naona siku ile ilifundisha kitu kingine. Kosa lilikuwa kulipeleka faili moja kwa wote kwa wakati mmoja, tena bila mwenye kompyuta kuwa na uwezo wa kusema: mimi nitapokea kesho. Ratiba unayoiandika mwenyewe inakupa uwezo huohuo. Seva ya majaribio ipokee usiku wa leo. Seva ya barua pepe ipokee kesho. Seva inayoshika vitabu vya fedha ipokee keshokutwa, baada ya zile mbili kuamka salama. Haraka haraka haina baraka, lakini siku mbili za subira iliyopangwa hazifanani na miaka miwili ya kusahau.

Tena kuna masasisho na masasisho. Debian, katika toleo lake imara, haikuletei mageuzi ya programu kila wiki. Wahudumu wake huchukua dawa ya lile tundu tu na kuiingiza katika toleo lilelile unalotumia. Ndiyo maana kiraka cha usalama cha namna hiyo mara chache huvunja kitu. Kinachovunja ni kuhama kutoka toleo moja kubwa kwenda jingine, na kazi hiyo sijasema iachiwe ratiba. Hiyo inahitaji mtu mwenye macho mawili, na wikiendi yenye chai ya kutosha.

Utulivu huo uliwahi kuokoa wengi. Machi 29, 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza kwamba ameona mlango wa siri umefichwa katika xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika kwenye Linux karibu zote. Matoleo yenye sumu yalikuwa 5.6.0 na 5.6.1. Yalikuwa yamekwisha kuingia katika matoleo ya majaribio ya mifumo kadhaa, lakini Debian imara haikuwa nayo. Aliyeelekeza ratiba yake kwenye mkondo wa viraka vya usalama pekee hakuguswa, ingawa mashine yake ilikuwa ikijisasisha kila usiku.

Na njia ya masasisho yenyewe inaweza kutiwa sumu. Juni 27, 2017 kirusi cha NotPetya kiliingia Ukraine kupitia masasisho ya programu ya uhasibu inayoitwa M.E.Doc, kikaruka mipaka, kikaikumba kampuni ya meli ya Maersk na kuisababishia hasara iliyotajwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300. Kilipokwisha kuingia, moja ya njia zake za kuenea ilikuwa tundu lilelile la Windows ambalo kiraka chake kilitolewa Machi. Kilichoinusuru Maersk, kama jarida la Wired lilivyosimulia, ni seva moja ya ofisi yao nchini Ghana ambayo umeme ulikuwa umekatika siku hiyo. Kwa kuwa ilikuwa nje ya mtandao, daftari lake la watumiaji wa kampuni nzima lilibaki zima. Kampuni iliyoenea dunia nzima ilijengwa upya kutokana na nakala iliyosalia kwa bahati. Kwa hiyo kabla ratiba ya masasisho haijaandikwa, iandikwe ya nakala, na nakala moja ikae mahali ambapo mtandao haufiki. SACCOS ya walimu haiwezi kujenga mipango yake juu ya mgao wa umeme.

Saa nane ya nani?

Hapa naomba mafundi wanisikilize kwa makini, maana nimeona kosa hili zaidi ya mara moja. Seva nyingi za kukodi huja zimewekwa kwenye saa ya dunia, ile ya UTC. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Fundi anaandika kwamba seva ijiwashe upya saa 02:00, akiamini ni saa nane za usiku, watu wamelala. Kwa saa ya Dar es Salaam hiyo ni saa kumi na moja alfajiri. Abiria wa mikoani wamekwisha jaa kituo cha mabasi cha Magufuli, wachuuzi wa samaki Feri wanalipana kwa simu, na seva ndiyo kwanza inajizima. Asubuhi watasema masasisho ya kujiendesha hayafai. Saa ndiyo iliyopangwa vibaya, na kurekebisha ukanda wa saa ni amri moja.

Kuna pia suala la umeme. Cron ya kawaida ikifika saa yake mashine ikiwa imezimwa, kazi hiyo imepita. Haitafanyika hadi zamu inayofuata. Kwa seva iliyoko kwenye chumba cha ofisi ambako kuzimika usiku ni jambo la kawaida, ratiba iliyowekwa mara moja kwa wiki inaweza kukosa wiki nyingi mfululizo bila mtu kujua. Dawa ipo: anacron, au vipima saa vya systemd vilivyoagizwa kukumbuka kazi iliyopita na kuifanya mara mashine inapowaka.

La mwisho katika haya ya kiufundi ni kuwasha upya. Kwa kawaida kiraka cha kiini cha Linux hakifanyi kazi mpaka mashine iwashwe upya. Ubuntu huacha faili dogo linaloitwa reboot-required kukumbusha, lakini uwashaji wa kujiendesha huwa umezimwa mpaka wewe mwenyewe uuruhusu. Matokeo yake zipo seva zinazopokea viraka kila usiku huku zikiendelea kutumia kiini cha mwaka jana. Fundi akijisifu kwamba seva yake haijazimwa kwa siku mia nne, mwulize ni viraka vingapi vinasubiri.

Mali bila daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ratiba nayo hivyohivyo. Kwa desturi kazi ya cron ikitoa ujumbe wowote, cron huuandika katika barua kwa mmiliki wa kazi hiyo, na barua hiyo hubaki ndani ya mashine ileile, katika sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Diski inaweza kujaa, masasisho yakagoma tangu Februari, na ofisi nzima ikaendelea kuamini kwamba jambo hilo "lipo kwenye ratiba".

Machi 2017 ilifichuliwa kasoro katika Apache Struts, programu inayotumika kujengea tovuti. Kampuni ya Marekani ya kutunza rekodi za mikopo, Equifax, ilipata onyo, ikatuma barua pepe ya ndani Machi 9 ikiagiza kiraka kiwekwe ndani ya saa 48. Tovuti moja ilisahaulika. Wezi waliingia katikati ya Mei, wakachota mpaka mwisho wa Julai. Watu wapatao milioni 147 walipoteza taarifa zao: majina, tarehe za kuzaliwa, namba zao za hifadhi ya jamii. Aliyekuwa mkuu wa kampuni, Richard Smith, aliliambia Bunge la Marekani kwamba mtu mmoja hakuufikisha ujumbe kwa waliohusika.

Kampuni nzima ilining'inizwa kwenye mtu mmoja kukumbuka kumwambia mwingine! Nami sitadai kwamba ratiba ya Linux peke yake ingewaokoa, kwa sababu Struts huwa imefungwa ndani ya programu ya tovuti na masasisho ya mfumo hayaifikii. Ndiyo sababu nasisitiza taarifa. Ratiba ya kuweka viraka iambatane na ratiba ya kukagua kilichobaki, na zote mbili zipeleke ujumbe kwenye simu ya mtu anayejulikana kwa jina. Ujumbe usipofika asubuhi, ukimya wenyewe uwe kengele.

Nayasema haya kwa ajili ya watu ambao hawatawahi kuiona seva. Taarifa za mwanachama wa SACCOS zikivuja, hawezi kubadilisha tarehe yake ya kuzaliwa wala namba yake ya NIDA. Atapigiwa simu na tapeli anayejua salio lake, jina la mkewe na tarehe ya marejesho ya mkopo wake, na ataamini, kwa sababu nani mwingine angeyajua hayo? Fedha ya ada inaondoka hapo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya inayo ya 2019, inayomtaka anayetunza taarifa kumjulisha kamishna wa ulinzi wa taarifa ndani ya saa 72 tangu ajue zimevuja. Sheria hizi ni njema, lakini zinamfikia mama yule wa Chanika baada ya wizi. Kiraka kingemfikia kabla.

Kwa hiyo wajumbe wa bodi, hata msiojua kompyuta, mna haki ya kuuliza katika kikao kijacho: seva yetu ilipokea kiraka lini mara ya mwisho, nani alisoma taarifa, na nakala ilijaribiwa kurudishwa lini? Majibu yawe na tarehe. Na muulize toleo la mfumo ni lipi, maana hapo ndipo ratiba nzuri inapoweza kuwadanganya. CentOS 7, iliyotumika sana katika ofisi na vyuo, iliacha kupewa viraka na jumuiya yake Juni 30, 2024. Seva yenye mfumo huo inaweza kuamka kila usiku kwa saa iliyopangwa, ikauliza kama kuna kiraka kipya, ikajibiwa hakuna, na kuandika kwamba kila kitu ni salama. Fundi wenu analijua hilo. Kinachomzuia kuhama ni fedha za mashine ya kujaribia na posho ya wikiendi mbili za kazi, nazo haziko kwenye bajeti mliyoipitisha.